Mwako wa usiku kandoni mwa Pangani

Nyikani jua likizama haliachi jioni ndefu. Saa kumi na mbili na nusu bado unaweza kuwahesabu pundamilia ng'ambo ya mto; saa moja na nusu, kama mwezi haujatoka, unabaki na masikio tu. Na ndiyo saa ambayo wanyama hushuka kunywa. Kiangazi kinapokausha madimbwi ya Simanjiro, maji ya kutegemewa hubaki katika mito ya kudumu kama Mto Pangani. Wenye nchi walijua nani amekuja usiku kwa sauti yake na kwa nyayo zake asubuhi.

Mjerumani Carl Georg Schillings alitaka zaidi ya nyayo. Alizaliwa Düren mwaka 1865 na kufika Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 1896, akiwinda. Baadaye akashikwa na hamu ya kumpiga picha mnyama akiwa hai, tena usiku, saa ambayo mnyama hana habari na mtu. Safari yake ya 1903 hadi 1904, katika nchi kati ya Kilimanjaro, Pangani na nyika ya Wamaasai, ndiyo iliyompa alichokitafuta.

Ili kuona ugumu wa kazi yake, twende kwanza London. Miaka michache nyuma, mwaka 1895 na 1896, mpiga picha Paul Martin alikuwa akizunguka usiku na kamera yake katika mji ule, kandoni mwa Mto Thames na kwingineko. Mji wenyewe ulimsaidia. Taa za gesi zilipangwa barabarani, barabara iliyolowa mvua ikaurudisha mwanga wake, na majengo hayakuwa na haraka ya kwenda popote. Martin aliweka kamera juu ya miguu mitatu, akafungua lenzi, akangoja dakika baada ya dakika mpaka bamba la kioo likusanye mwanga wa kutosha. Mpita njia ambaye hakusimama hakuacha hata kivuli.

Pangani hakukuwa na taa hata moja, na simba hasimami kungoja. Mwanga ilibidi ubebwe, kisha utolewe wote kwa mara moja. Uliobebwa ulikuwa unga wa magnesiamu uliochanganywa na kemikali za kuukoleza moto. Mchanganyiko huo ulibuniwa Ujerumani mwaka 1887 na Adolf Miethe na Johannes Gaedicke. Ulilipuka kwa mwanga mkali na moshi mwingi, na ulikuwa hatari kwa anayeushika. Usiku wa mtoni una umande, na unga uliopata unyevu hauwaki unavyotakiwa. Isitoshe, lenzi ilipaswa kufunguka wakati uleule unga unapowaka. Ikitangulia au ikichelewa, bamba halina kitu.

Kwa hiyo Schillings alitega. Uzi ulinyooshwa mahali ambapo mnyama angepita. Akiugusa, unga unawaka na kamera inafanya kazi yake bila mtu kuwepo. Unga ukishawaka umekwisha, na kamera hubaki kipofu mpaka mtu aende kuitayarisha upya. Picha zilizopatikana hivyo zina mambo ambayo mchoraji hangeyapata kwa urahisi: macho yanayorudisha mwanga, mguu ulioinuliwa katikati ya hatua, pundamilia waliosongamana, simba jike akimjia ng'ombe.

Ng'ombe huyo anahitaji kutazamwa zaidi. Hakuwapo kwa bahati. Alifungwa pale, kama punda kadhaa walivyofungwa, ili simba aje. Msomaji wa Mbulu au Hanang hawezi kuipita picha hiyo haraka. Mwaka 1891 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umefagia mifugo ya nchi hizi. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita mwaka uliofuata, aliwakuta Wamaasai waliokonda kwa njaa kiasi cha kutisha. Katika milima ya Mbulu, Wairaqw walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kulala humo pamoja na mifugo yao, ili usiku isichukuliwe na wavamizi wala wanyama wakali. Upande wa Hanang, Wabarbaig walihesabu ng'ombe kuwa uhai wa ukoo. Kwa watu hao, kumwacha ng'ombe nje gizani ni kumtupa. Schillings alimfunga kwa makusudi. Nazistahi picha zake, lakini gharama hiyo siwezi kuifumbia macho.

Tena hakubeba mwenyewe. Mabamba ya kioo, dawa za kusafishia picha, kamera na unga ule wa hatari vilisafiri vichwani na mabegani mwa wapagazi, na mzigo wa kawaida wa mpagazi wa zama hizo ulikaribia kilo 30. Kioo kikivunjika, usiku mzima umepotea. Kila picha iliyofika Ulaya ikiwa nzima ilifika kwa uangalifu wa miguu yao.

Kitabu chake, Mit Blitzlicht und Büchse, kilitoka mwaka 1905 na kusomwa sana, kikafasiriwa kwa Kiingereza upesi. Mwezi Julai mwaka huohuo Vita vya Maji Maji vilianza kusini mwa koloni la Wajerumani. Wasomaji wa Ujerumani walikuwa wakifungua kurasa za mto wa Kiafrika uliojaa wanyama wakati serikali yao ikipeleka askari kuwapiga watu wa nchi ileile. Picha hazikusema uongo kuhusu simba. Lakini zilisaidia kukuza wazo la nyika isiyo na wenyewe, nalo lilikuja kuwagharimu wafugaji wengi malisho yao katika miongo iliyofuata. Schillings mwenyewe, aliyekuwa ameua wanyama wengi, aligeuka kuwa mtetezi wao hadi kifo chake mwaka 1921.

Wengine walifuata. Arthur Radclyffe Dugmore aliwapiga picha simba usiku upande wa Kenya mwaka 1909, na miaka ya 1920 Martin na Osa Johnson wakategea wanyama kwenye maji ya Marsabit. Kisha balbu za mwako zikauondoa unga, na hatimaye zikaja kamera ndogo za kufunga mtini, zinazojiwasha kwa joto na mwendo wa mnyama.

Mwaka 2005 kamera ya aina hiyo, iliyotegwa na mtafiti Francesco Rovero katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, ilinasa sange mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa na jina lake. Akapewa jina Rhynchocyon udzungwensis mwaka 2008. Serengeti, kuanzia mwaka 2010, mtafiti Alexandra Swanson aliweka kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kufikia 2013 zilikuwa zimetoa mafungu milioni 1.2 ya picha, za mchana na za usiku, na zaidi ya watu 28,000 wa kujitolea walikaa mbele ya kompyuta zao wakisema huyu fisi, huyu swala, hapa hakuna kitu ila majani yaliyopeperushwa na upepo. Ng'ombe wa kumvuta simba hakuhitajika.