Barabara Kuu ya Kisumu na Kitale: Ilikotoka, na Deni Tulilo Nalo



Kila asubuhi barabara kuu ipitayo Mukumu hujaa magari, pikipiki na watoto wa shule, wala hakuna aulizaye ilikotoka. Vijana wetu huidhania kuwa imekuwako tangu kuumbwa kwa vilima. Kwa hiyo tumeona vema, katika taarifa ya mwaka huu, tuandike habari zake kwa ufupi. Maana barabara hii imetuletea faida nyingi, nayo imetugharimu pia.

Kwanza yafaa tuifuate njia yenyewe. Barabara hii, ambayo katika hesabu ya serikali huitwa A1, yaanza Isebania mpakani mwa Tanzania, yapita Migori na Kisii, na kufika Kisumu. Kutoka Kisumu yapanda Mamboleo na Kiboswa, yapita Majengo, Mbale na Chavakali katika nchi ya Wamaragoli, yavuka mto Yala, kisha yaingia nchi ya Waidakho na Waisukha, penye Khayega na Mukumu, hata mji wa Kakamega. Mwendo wa Kisumu hadi Kakamega ni kilomita 50 hivi. Mbele ya Kakamega iko Malava, kisha Webuye, mji ulioitwa zamani Broderick Falls, kisha Kitale. Na baada ya hapo barabara yashuka katika nchi ya Waturkana kupitia Lodwar hata mpaka wa Sudan Kusini.

Zamani njia kubwa haikupita kwetu. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilielekea Mumias, kwa Nabongo Mumia, ikapumzika na kununua chakula kabla ya kwenda Buganda. Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883. Hata barabara ya magari ya ng'ombe iliyoanzwa na Kapteni Sclater mwaka 1895 ilielekea Mumias. Njia zetu sisi zilikuwa vijia vya miguu, vya kwendea sokoni na kwa wakwe.

Mambo yalibadilika reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Tangu hapo mlango wa nchi yetu ukawa kusini. Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na Mapadre wa Mill Hill wakaanzisha misheni ya Mukumu mwaka 1906. Kisha mwaka 1920 makao ya wilaya ya North Kavirondo yakahamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Basi njia ya Kisumu hadi Kakamega ikawa ndiyo njia ya Bwana DC, ya kodi, ya barua na ya vijana waendao kutafuta kazi.

Ni nani waliotengeneza barabara za siku zile? Sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu na wazee wa serikali mamlaka ya kuwaita watu kwa kazi za jumuiya bila mshahara, na kutengeneza barabara ilikuwa mojawapo. Mzee aliyeitwa aliliacha shamba lake, akachukua jembe, akaenda. Wanachama wasishangae, basi, kwamba kazi ya lazima ilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyotolewa huko Lundha mwaka 1921, ilipoundwa Young Kavirondo Association. Chama hicho ndicho kilichozaa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association mwaka 1923, chini ya Archdeacon Owen. Vyama vya ustawi kama hiki chetu vina mizizi yake katika malalamiko hayo.

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega. Mamia ya Wazungu, wengi wao wakiwa wamebanwa na hali mbaya ya biashara ya miaka ile, walikuja kuchimba, na barabara ikajaa malori na mitambo. Hapo ndipo wazee wetu walipojifunza jambo zito. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikitwaliwa, watapewa nyingine ya kadiri hiyo hiyo, tena Baraza lao litaulizwa kwanza. Mwisho wa mwaka 1932 sheria hiyo ilibadilishwa, ahadi zote mbili zikaondolewa kwa ajili ya machimbo. Ahadi haikudumu hata miaka mitatu. Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulifungwa mwaka 1952. Dhahabu ilikwenda zake, barabara ikabaki.

Baada ya Uhuru barabara hii imekuwa yetu kweli. Wafinyanzi wa Ilesi huuzia vyungu vyao kando yake, na wagonjwa huipitia kwenda hospitali ya Mukumu. Katika miaka ya 2010 sehemu ya Kisumu hadi Kakamega ilijengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kinyume cha mwaka 1932, Katiba ya mwaka 2010 yaamuru kwamba mtu akitwaliwa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, kwa ukamilifu, bila kukawia.

Lakini haki huhitaji ushahidi. Mashamba mengi yangali katika majina ya mababu waliokwisha kufa, na wajukuu hawajafanya urithi mbele ya mahakama. Siku barabara itakapopanuliwa tena, mwenye hati atalipwa. Asiye nayo atasimama kando akitazama trekta.

Kwa hiyo twawasihi wanachama mambo mawili. Kwanza, kila jamaa aliye na shamba kandokando ya barabara atengeneze hati zake mwaka huu, wala asingoje alama ya rangi nyekundu ukutani. Pili, kila ukoo uandike majina ya wazee wake waliolima barabara hii bila ujira, kabla wanaoyakumbuka hawajatutoka, nayo yakabidhiwe kwa katibu wa chama.

Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Leo twapita katika gari kwa muda mfupi tu mahali walipoinama siku nzima. Tukiyahifadhi majina yao na mashamba waliyotuachia, tutakuwa tumelipa sehemu ya deni lao.