Wingi si Hoja: Vichaka vya Tanga na Hesabu ya Vita

Mwaka 1914, Vita Kuu ilipokuwa ndiyo kwanza imewaka, mhandisi wa Kiingereza, Frederick Lanchester, alichapisha kanuni za kupimia nguvu za majeshi. Katika uwanja wa wazi, ambapo kila askari humwona adui na kumlenga, nguvu ya jeshi ni idadi yake ikizidishwa kwa idadi hiyohiyo: wawili kwa mmoja huwa ni nguvu nne kwa moja. Katika vita vya mkono kwa mkono, wawili hubaki wawili.

Novemba ya mwaka huohuo, Waingereza waliteremsha Tanga kikosi kutoka Bara Hindi, watu wapatao 8,000. Lettow-Vorbeck aliwakabili na watu wapatao 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Kwa kanuni ya uwanja wa wazi, hizo ni nguvu 64 kwa moja. Lakini baina ya ufuo na mji palikuwa na vichaka na mashamba. Safu zilipoteana, na nyuki waliochokozwa wakawavamia wapiganaji. Tarehe 5 wageni walirejea merikebuni, wakiwa wamepoteza watu zaidi ya 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Hasara ya wenzao haikufika 200.

Ilipofika mwaka 1962, Mmarekani Seymour Deitchman aliandika hesabu ya vita vya kuvizia. Aliyejificha humlenga mtu. Anayeviziwa hulenga kichaka. Kadiri waliojificha wanavyokuwa wachache, ndivyo risasi za kubahatisha zinavyowakosa. Basi ardhi si pambo la vita. Ndiyo inayochagua kanuni.

Hata hivyo, katika mlinganyo huo idadi ya watu ina herufi mbili tu, moja kwa kila jeshi. Bara hapakuwa na barabara za kutosha, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Ikabidi vita ipande vichwani mwa watu. Hadi mwaka 1918 makumi ya maelfu ya wapagazi walikuwa wamekufa, wengi zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Ardhi ngumu iliwaua, nao hawakumlenga yeyote. Jina la kikosi chao cha Kiingereza, Carrier Corps, limebaki Dar es Salaam katika soko la Kariakoo. Katika hesabu ya vita, mpagazi hakupewa herufi.