Makombora Sita: Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Machi 1996 Marekani ilipeleka meli mbili za kubeba ndege za kivita karibu na Taiwan. China ilikuwa na ndege za mabomu za H-6, zilizotokana na Tu-16 ya Kisovieti, lakini ili zipige zilipaswa kusogea hadi mdomoni mwa adui.

SASA ENDELEA...

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imelala kwenye maghala ya Ukraine. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, Kyiv ilirithi mamia ya makombora ya Kh-55.

Kombora hilo lina urefu wa mita 6 hivi. Ndege ikiliachia, mbawa hukunjuka na injini ndogo huteremka kutoka tumboni. Kisha linashuka chini kabisa, linafuata mabonde kukwepa rada, huku likilinganisha ardhi linayopita na ramani iliyomo kwenye kompyuta yake. Kilomita 2,500! Linapofika, ndege iliyolibeba imeshageuka zamani.

Mwaka 1999 mamia ya makombora hayo yalikabidhiwa Urusi kulipia deni la gesi. Yakabaki mengine, na wapo walioyatolea macho. Nyaraka za mauzo ziliandikwa kwamba mnunuzi ni Urusi. Ulikuwa uongo. Mzigo ulikwenda Iran na China.

Siri ilipasuka mwaka 2005. Mbunge wa Ukraine, Hryhoriy Omelchenko, aliianika, na Machi Mwendesha Mashtaka Mkuu wa nchi hiyo, Svyatoslav Piskun, akathibitisha: China ilipata makombora 6. Hayakuwa na vichwa vya nyuklia.

Wapo waliopumua waliposikia hivyo. Mimi naona walipumua mapema mno. Bomu la nyuklia China ililifanyia majaribio tangu 1964, kichwa haikukihitaji. Ilichohitaji ni kilichobaki ndani ya bomba lile: injini ndogo isiyobugia mafuta, na akili ya kusoma ardhi. Kombora lake la KD-63 liliishia kama kilomita 200 tu. Makombora 6 hayashindi vita, lakini mbele ya fundi mwenye bisibisi na subira, hata moja linatosha kufundishia.

Januari 5, 2007, ndege mpya iliruka China kwa mara ya kwanza: H-6K. Umbo lilikuwa la zamani, injini mpya za Kirusi. Na chini ya mbawa zake, vishikizo vya makombora: vitatu kulia, vitatu kushoto.

Sita.

Oktoba 1, 2009, Beijing. Gwaride la miaka 60 ya Jamhuri linapita Tiananmen. Mara yanatokea malori makubwa, kila moja na mitungi mitatu mgongoni. Ni CJ-10, kombora jipya la masafa marefu, lakini la kurushwa kutoka nchi kavu. Wataalamu wa kijeshi wa nchi za nje wanakodoa macho. Je, waliomo humo ni watoto wa Kh-55? Na nani atalitoa kombora hili kwenye lori na kulitundika chini ya bawa la H-6K?

Mitungi yote imefungwa.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO