Injini ipi yakufaa? Somo la Peugeot 504

Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Wiki hii, msikilizaji, tuzungumzie uchaguzi unaowaumiza vichwa wengi wanaodunduliza fedha wanunue gari la familia. Sisemi rangi wala viti. Nasema injini. Mzozo huu haukuanza jana, na historia ya gari moja tu, Peugeot 504, yatosha kutupa somo.

Injini ya dizeli ilianza kama mali ya meli, malori na mitambo. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ya Ujerumani ilitoa gari dogo la dizeli, 260 D. Peugeot ya Ufaransa ikafuata mwaka 1959 na gari lake la 403. Kisha mwaka 1968 ikazaliwa 504, ambayo mwaka uliofuata ilichaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya.

Mnunuzi wa 504 wa miaka ya 1970 aliletewa bodi moja yenye mioyo tofauti. Injini ya petroli yenye kabureta, ya sentimita za ujazo 1,971, ilitoa nguvu za farasi 93. Injini hiyo hiyo ikiwekewa pampu ya kupuliza petroli badala ya kabureta ilifikia 104. Ya dizeli, ingawa ilikuwa kubwa zaidi, sentimita za ujazo 2,112, ilitoa 65 tu.

Mbona kubwa ikazidiwa na ndogo? Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hubana hewa zaidi ya mara 20 mpaka ikawa na joto la kuwasha mafuta yenyewe, ambapo petroli ya siku zile ilibanwa mara 8 au 9 hivi. Kwa sababu hiyo vyuma vyake lazima viwe vizito, na mwendo wake huwa wa taratibu na wenye kelele. Lakini katika kila lita humpeleka mwenyewe mbali zaidi.

Faida hiyo iliwaingia watu akilini Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta. Pipa lililouzwa kwa dola 3 hivi lilipita dola 11 ilipofika Januari 1974. Ujerumani Magharibi ilisimamisha magari kwa Jumapili nne. Tanzania nayo, katika miaka ya shida ya mafuta, ilipata kuyapiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Aliyekuwa akihesabu farasi akaanza kuhesabu lita.

Mashabiki wa mbio watasema dizeli haikuipa 504 jina. Ni kweli. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden alishinda Safari Rally kwa 504 ya petroli. Lakini tukumbuke kuwa gari la mashindano hufuatwa na mafundi, matairi na vipuri. Baba mwenye watoto wanne kwenye kiti cha nyuma hana msafara huo. Kabureta ikiziba, fundi wa chini ya mwembe huifungua, akaisafisha, safari ikaendelea. Pampu ya kupuliza petroli ilitaka vifaa maalumu na fundi aliyeisomea. Je, farasi 11 wa ziada walistahili gari kulala njiani?

Ulaya iliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983. Jirani zetu wa Kenya waliendelea kuiunganisha mpaka mwaka 2004, na zile ndefu za kubeba abiria, zilizoitwa Pijo, zilijulikana sana katika barabara za masafa.

Sasa tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuseme gari la dizeli limezidi bei kwa shilingi 3,600,000, lakini laokoa lita 3 katika kila kilomita 100. Lita ikiwa shilingi 3,000, utaokoa 9,000 kwa kila kilomita 100. Basi fedha yako itarudi baada ya kilomita 40,000. Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayetembea kilomita 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, atangoja karibu miaka saba. Dereva anayekwenda Morogoro na kurudi, kilomita 400 hivi kila siku, atangoja siku 100. Gari ni lile lile na injini ni ile ile, lakini mmoja amepata na mwingine amejitwisha deni.

Leo mnunuzi huulizwa petroli au haibridi, ile inayosaidiana na mota ya umeme. Jina limebadilika, hesabu haikubadilika. Kabla hujamwuliza muuzaji gari lina farasi wangapi, jiulize mwenyewe: nitatembea kilomita ngapi kwa mwaka? Mafuta safi nitayapata wapi? Na likiharibika mbali na mjini, nani atalifungua? Muuzaji hawezi kukujibia maswali hayo, maana yeye hatakuwamo ndani ya gari.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.