Shingo ya udi, msasa na mafuta ya nazi



Kusafisha shingo ya gita na ubao wake wa vidole kunaonekana jambo dogo. Hapa Maskati, kwa sisi wa asili ya Unguja, linagusa historia, manake ala yetu ni udi. Sultan Barghash (1870–1888) ndiye anayesimuliwa kuleta muziki wa Misri kasrini na kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa Qaboos aliposhika utawala Julai 1970, wengi walihamia huku, wengine na ala zao.

Sasa ala hizo zimo mikononi mwa wajukuu, na wajukuu wanapenda kung'arisha! Udi haina vile vyuma vya gita vinavyogawa shingo. Kidole chenyewe ndicho kinachotafuta sauti. Kwa hiyo miaka ya kupiga makamu huacha mabonde mepesi ubaoni, na nyuma ya shingo pale dole gumba lilipokuwa likipita. Palipolika zaidi ndipo mpigaji alipokaa zaidi. Hiyo ni nyaraka, jamani, na kwa wapigaji wengi wa taarab ambao hawakurekodiwa, pengine ndiyo pekee. Anayepiga msasa na kupaka vanishi mpya anaichoma.

Mafuta ya nazi nayo, naona, ni mazoea ya jikoni tu. Hubaki ndani ya mti, hunata, hukusanya vumbi na moshi wa ubani (udi ya kupiga haipendi udi wa kufukiza!). Kitambaa laini kikavu kinatosha mara nyingi. Uchafu ukishikilia, kilowanishe kidogo, kikamue sana, futa kwa kufuata nyuzi za mti, kausha hapo hapo. Ubao wa mpingo au abunusi usio na vanishi, ukikauka mno, unapata matone machache ya mafuta ya madini yasiyo na rangi, kisha yote yanafutwa. Adui mkubwa ni kiyoyozi: nje unyevu wa bahari, ndani hewa kavu, mti unasinyaa na kupasuka. Iwekeni udi kwenye kasha lake, mbali na upepo wa mashine.

Mwenye picha za karibu za udi za vikundi vya Unguja kabla ya 1964 atuonyeshe, tulinganishe shingo.