Dawa Ilipokuja, Je, Watu Waliacha Kujihadhari?

Leo katika somo letu la historia tutazungumza habari za UKIMWI, na hasa jambo moja: dawa ilipopatikana, je, watu waliacha kujihadhari? Swali hili liliulizwa sana kwa habari za wanaume wanaolala na wanaume wenzao, katika miji mikubwa ya Marekani, Ulaya na Australia. Sisi tutalitazama mpaka hapa kwetu Kariakoo. Usione haya kusoma, maana ugonjwa hauoni haya.

Kwanza turudi nyuma. Nchini Tanzania wagonjwa wa kwanza walijulikana mwaka 1983, mkoani Kagera. Huko watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Dawa haikuwapo. Basi vijana wakafanya mzaha: walichukua herufi nne za jina lake la Kiingereza, A, I, D na S, wakasema maana yake ni "Acha Iniue, Dogodogo Siachi". Labda utacheka. Lakini yatazame maneno yenyewe. Asemaye hivyo amekwisha kata tamaa. Kwa kuwa aona kufa ni lazima, haoni faida ya kujizuia. Kwa hiyo usidhani kwamba hofu peke yake humfanya mtu awe mwangalifu.

Mwaka 1996 waganga walitangaza kwamba dawa za namna tatu zikimezwa pamoja huzuia virusi visizidi mwilini. Mijini San Francisco, London na Sydney, wanaume waliokuwa wamezika rafiki zao kwa miaka mingi wakaona wagonjwa wanainuka vitandani. Baadhi yao wakaacha kutumia mipira, na magonjwa ya zinaa yakaanza kupanda tena. Watu wakasema, "Dawa imewaharibu!" Yalikuwa maneno ya haraka. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walikusanya uchunguzi mwingi uliokwisha fanywa, wakaulinganisha. Wakaona kwamba waliokuwa wakimeza dawa hawakuwa wazembe kupita wasiomeza. Uzembe ulionekana zaidi kwa wale walioamini kwamba dawa imepunguza hatari, wawe na virusi au wasiwe navyo. Yaani kisa hakikuwa kidonge, bali yale ambayo mtu aliyasadiki juu ya kidonge. Tena huenda wengine waliacha mpira kwanza, wakatafuta sababu baadaye. Binadamu ndivyo tulivyo.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka uo huo wa 2004 serikali yetu ilianza mpango wa kutoa dawa bure. Lakini wanaume wanaolala na wanaume hawakutajwa. Mabango yalionyesha mume na mke, au kijana na msichana. Watafiti katika Afrika Mashariki walikuta wanaume waliosadiki kwamba hatari iko kwa wanawake tu, kwa kuwa hakuna aliyewaonya vinginevyo. Kweli ni kinyume chake: njia ya nyuma huambukiza kwa urahisi zaidi. Uchunguzi wa Unguja mwaka 2007 ulikuta virusi kwa wanaume 12 hivi katika kila 100 wa namna hiyo, hali katika watu wote wa Zanzibar hawakufika hata mmoja katika 100.

Mwezi Februari 2017 serikali ilivizuia vituo 40 visitoe huduma za UKIMWI kwa watu hao. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo akatangaza kikosi cha kuwasaka. Mfikirie mtu akaaye Kariakoo. Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo mfupi kwa miguu, lakini aogopa kuonekana kwenye foleni na kuulizwa maswali. Mtu huyu hawezi kulevywa na matumaini ya dawa; dawa yenyewe hajaigusa.

Je, wale wa San Francisco waliosadiki kwamba dawa huzuia kuambukiza walikosea? Nusu tu. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa Ulaya juu ya jozi 782 za wanaume. Katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi, akimeza dawa hata vipimo visivione tena damuni. Mwenzake hakuwa navyo. Hawakutumia mipira. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake wa jozi. Lakini wanaume 15 waliambukizwa, nao walivipata virusi kwa watu wa nje.

Hapo ndipo penye kufikiri. Kusikia barabarani kwamba "siku hizi dawa zipo" si sawa na kujua kwamba damu ya fulani imepimwa na virusi havionekani. Na kaswende na kisonono havizuiwi na vidonge hivi hata kidogo.

Kabla ya somo lijalo, ulizeni zahanati iliyo karibu nanyi hupima wingi wa virusi siku gani. Somo hilo litakuwa habari za kifua kikuu, ugonjwa ufuatanao na huu.