Kuli wa Mississippi: Tarehe ya Wimbo Mmoja

"Ol' Man River" ulisikika kwa mara ya kwanza ndani ya Show Boat, tamthilia ya muziki iliyofunguliwa New York tarehe 27 Desemba 1927. Jerome Kern alitunga muziki, Oscar Hammerstein wa Pili akaandika maneno. Anayeimba ni Joe, kuli mweusi wa gatini, aliyechoka kubeba marobota ya pamba huku mto ukipita zake. Nafasi hiyo alikusudiwa mwimbaji Paul Robeson, lakini maandalizi yakachelewa, ikaenda kwa Jules Bledsoe. Robeson aliishika London mwaka 1928, na baba yake alikuwa mtumwa aliyetoroka. Wimbo ukampata mwenyewe.

Mwaka 1936 ukaingia kwenye sinema. Mwongozaji James Whale alimkalisha Robeson gatini, kamera ikamzunguka taratibu mpaka ikaukaribia uso. Kisha zikafuata picha za wanaume wenye migongo iliyopinda chini ya mizigo, na za jela. Kwangu mimi, hakuna filamu iliyowahi kuupita ule wakati.

Hata hivyo Robeson alikwisha kuonja ubaya wa sinema. Alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni London, akaigiza katika Sanders of the River ya 1935, ambamo hata Jomo Kenyatta alikuwa miongoni mwa waigizaji wadogo. Filamu ilipotoka ilikuwa inausifu ukoloni, naye akaikana. Kwenye filamu, mwenye mkasi ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kwenye tamasha mwenye kauli ni mwimbaji, na hapo ndipo Robeson alipoyageuza maneno: kuli aliyechoka kuishi na kuogopa kufa akawa mtu anayeapa kupigana hadi kufa. Hammerstein hakukubali maneno yake yaguswe, lakini mimi naona Robeson alikuwa na haki.

Hollywood ilikwenda njia yake. Mwaka 1946 Frank Sinatra aliuimba ndani ya suti nyeupe. Pamba na jasho havikuonekana. William Warfield aliurudisha kwa Joe mwaka 1951, kwa sauti nzito ya kupendeza. Wakati huo Robeson alikuwa amenyang'anywa pasipoti kwa sababu ya siasa zake, akarudishiwa 1958. Mwaka 1960, Sydney, aliuimba saa ya chakula cha mchana mbele ya mafundi na vibarua waliokuwa wakijenga jumba la opera.